Theodora na Jalada la Mwanawe

Theodora binti Sungi, mjukuu wa Ntandu mchimba visima, mke wa marehemu Damiani, mama wa watoto wawili walio hai na watatu waliolala, mtu wa Issuna upande ule wa miiba: huyo ndiye anayesemwa hapa. Babu yake Ntandu alichimba kisima ambacho mpaka leo watu wanakinywea bila kujua ni cha nani. Mama yake alificha ndama ndani ya ghala la uwele siku watu wa kodi walipopita, kisha akawakaribisha togwa, nao wakanywa wakiwa wameliegemea ghala lenyewe. Theodora naye hakuwa mtu wa nyuma. Siku za Operesheni, matembe yalipokuwa yakibomolewa ili watu wahamie vijijini, alipanda juu ya paa la tembe lake akiwa na binti yake mchanga, Anastasia, akakaa akamnyonyesha, akawaambia wanamgambo waanze kubomoa upande wa pili mpaka mtoto ashibe. Wakasubiri. Na mwaka ule sabuni ilipopotea madukani kabisa, alisimama mkutanoni akamwuliza katibu wa tawi mbona shati lake ni jeupe. Wiki ile ile sabuni ilionekana.

Mtu wa namna hiyo ukimwambia kwamba atashindwa na karatasi, atakucheka. Lakini alishindwa, na mambo yalikwenda hivi.

Mwanawe wa kiume, kaka yake Anastasia, alizaliwa wakati babu yake mzaa baba angali hai, akapewa jina la babu huyo: Mughwai. Sisi ambao hatukuolewa katika ukoo ule tunalitaja tu. Theodora hakuweza. Kwetu mwanamke halitii mdomoni jina la baba mkwe wake, awe mzima au awe chini ya udongo, na kama jina hilo amepewa mtoto wake mwenyewe wa kumzaa, basi hata mtoto hamwiti kwa jina hilo. Ulimi ukiteleza, anatoa kondoo kwa ndugu wa mumewe ndipo aingie tena nyumbani kwao kwa uso mkavu. Kwa hiyo Theodora alimwita mwanawe Baba. Kanisani kijana alibatizwa Fredrick, na mbele za watu wa dini mama yake alimwita Fredrick. Ila katika kadi ya chama, kitabu cha kodi na kila mahali penye muhuri wa serikali, aliandikwa Mughwai Damiani.

Biashara ilipofunguliwa, minada ya ng'ombe ilijaa watu wageni. Zamani ng'ombe akiuzwa, kijiji kizima kilijua ameuzwa na nani na kwa shida gani. Sasa walikuja wafanyabiashara wenye malori, wakanunua, wakapakia, wakaondoka, na vijana wetu waliokuwa wanakaa bure baada ya ushirika kufa wakapata kazi ya kuswaga mifugo kutoka vijijini mpaka mnadani. Fredrick alikuwa mmoja wao. Mwaka wa tisini na tatu, kabla ya mavuno, aliswaga kundi la tajiri mmoja aliyesema anatoka Arusha. Njiani Gaspari, mtu wa kijiji cha pili, akalikuta kundi na kumwona ndani yake ng'ombe wake aliyeibwa. Tajiri alikuwa ametangulia na lori. Hakuonekana tena, wala jina alilokuwa amelitoa halikuwa la mtu yeyote aliyejulikana Arusha. Aliyebaki na fimbo mkononi alikuwa Fredrick.

Kesi ilisikilizwa katika mahakama ya mwanzo ya tarafa. Theodora alikaa benchi la mbele, karibu na wale wazee wawili washauri, akayasikia yote. Gaspari alisema ng'ombe wake ana alama ya mkato katika sikio la kushoto. Ng'ombe aliyekuwa amefungwa pale nje kama kielelezo alikuwa amekatwa la kulia. Mzee mshauri mmoja alimwuliza Gaspari inakuwaje. Gaspari akajibu kwamba sikio ni sikio, yeye humtazama ng'ombe wake kwa nyuma. Watu wakacheka, kesi ikaendelea. Lakini Theodora alikuwa ameona kalamu ya hakimu ikitembea wakati swali linaulizwa na wakati jibu linatolewa. Yameandikwa, alijiambia. Hata hukumu ya miaka mitano iliposomwa, na mkwewe Jesca, mke wa Fredrick, akaanguka pale mlangoni, yeye alisimama wima, kwa sababu aliamini kwamba kilichoandikwa hakifutiki, na mkubwa mwingine atakisoma.

Jesca aliwachukua watoto akarudi kwao. Hakuna aliyemlaumu kwa sauti.

Jumapili iliyofuata Theodora alikwenda gerezani pamoja na akina mama wa kanisa, waliokuwa wakimsindikiza padri kusali na wafungwa. Getini mhudumu wa padri aliita majina ya wafungwa Wakristo kwa ubatizo wao. Akaita Fredrick, na Fredrick akatokea, amenyolewa, shingo imekuwa nyembamba. Baada ya misa walipewa nafasi ya kuzungumza, askari mmoja wa magereza amesimama karibu yao.

"Baba," alisema Theodora, "wanakulisha?"

"Wanalisha, mama. Wewe umekujaje, kwa miguu?"

"Miguu ni ya nini basi?"

Yule askari alikuwa ndiye anayewaandikia wafungwa rufaa zao. Akamweleza mama bila haraka. Rufaa kutoka mahakama ya mwanzo inakatwa ndani ya siku thelathini. Ili iwe na nguvu, inataka karatasi. "Nenda palepale kesi ilipoamuliwa, usianzie kwingine," alisema. "Mwone karani. Mpe jina la mshtakiwa, kosa, mwezi na mwaka, na namba ya kesi kama unayo. Omba nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri. Vyote viwili, mama. Hukumu ni alichoamua hakimu. Mwenendo ni walichosema mashahidi."

"Na sikio lipo kwenye kipi?"

"Sikio gani?"

"Sikio la ng'ombe. Gaspari alisema la kushoto."

Askari akamtazama tena, safari hii kama mtu anayemtazama mtu. "Hilo litakuwa kwenye mwenendo. Likiwemo, mama, mwanao ana rufaa."

Walipokuwa wanaagana Fredrick alimshika mama yake mkono. "Kule mahakamani niliandikwa jina la babu," alisema. "Unajua?"

"Najua. Nilikuwa nimekaa pale."

"Utalitaja?"

Theodora alimwambia asali, mambo mengine ni ya watu wazima. Alirudi Issuna akiwaza kwamba kama jina la ubatizo limefungua geti la gereza, lenye makufuli na bunduki, litashindwaje kufungua kitabu cha karani?

Karani wa mahakama aliitwa Peniel, kijana wa Kinyangiri. Alikuwa hana makuu. Dawati lake lilikuwa na mguu mmoja wa tofali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si wa huku."

"Natoka Kinyangiri."

"Mnyiramba. Haya, sikulaumu, hukuchagua."

Peniel akacheka. "Mtani, umekuja kunitukana au una shida?"

"Vyote. Nataka karatasi za kesi ya mwanangu. Hukumu na mwenendo. Fredrick Damiani, wizi wa ng'ombe, mwezi uliopita."

Peniel alifungua rejista ya kesi za jinai, akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini, akageuza ukurasa. "Ninaye Fredrick mmoja. Alimpiga mtu chupa kilabuni."

"Wangu hanywi."

"Basi hayumo."

"Yumo. Nilikaa benchi lile pale nikasikia akifungwa."

"Mama, hapa tunatafuta kwa jina au namba. Siwezi kutafuta kwa benchi. Namba unayo?"

"Namba ni zenu."

"Ana jina jingine?"

Hapo ndipo pangekwisha. Hakuwa na haja hata ya kulitaja; angesema tu analo jingine na mimi siruhusiwi, na Peniel, ambaye kwao nako wakwe wanaheshimiwa, angemsomea majina mpaka aone uso wake ukibadilika. Lakini Theodora hakuzoea kumweleza kijana mgeni mambo ya nyumbani kwake, tena kijana aliyekwisha jua kwamba ni nyumba iliyotoa mwizi. Akajinyoosha. "Hilo ndilo alilobatizwa," alisema. "Au Mungu na serikali wana vitabu tofauti?"

"Vitabu ni tofauti kabisa, mama."

"Mtafute kwa mlalamikaji basi. Gaspari."

"Katika jinai mlalamikaji ni Jamhuri. Ona. Jamhuri, Jamhuri, Jamhuri, mpaka chini."

"Jamhuri haina ng'ombe."

"Ndivyo inavyoandikwa." Peniel alifunga kitabu, kwa sababu hakimu alikuwa anamwita kutoka ndani. "Wizi wa ng'ombe kwa miezi hii umejaa kurasa nzima, mama, kila kijana wa mnadani yumo humu, na akina Damiani si mmoja. Labda ujaribu wilayani, mjini. Kesi za vifungo vikubwa huwa zinapelekwa huko."

Alisema kweli, ingawa alisema hivyo ili amalize. Theodora akaenda mjini. Wilayani walimwuliza namba ya kesi ya mahakama ya mwanzo. Akasema hana. Wakamwambia arudi akaitafute ilikoanzia. Akarudi. Siku hiyo mahakama ilikuwa imefungwa, hakimu amekwenda kwenye semina na karani amemsindikiza. Akarudi tena, akaambiwa lile lile la jina. Basi la mjini lilikuwa linapita mara chache. Kuna siku alilikosa akalala kwa watu wa kanisa, kuna siku alitembea. Mvua za mwisho zikaisha, uwele ukaanza kukomaa bila mtu wa kufukuza ndege shambani kwake, na ndege wakala wanavyotaka.

Mwishowe alikwenda kwa wifi yake, Febronia. Huyu alikuwa dada yake marehemu Damiani, binti wa kuzaa wa mzee Mughwai, na kwake jina lile lilikuwa la baba yake tu, angeweza kulitaja sokoni. Theodora alimkuta anapepeta alizeti.

"Wifi, nimekuja kukuomba mdomo wako."

"Wangu una meno machache."

"Yanatosha. Twende tarafani, umtajie karani jina, mimi nitasema mengine yote."

Febronia aliendelea kupepeta. Maganda yaliruka yakamwangukia Theodora kwenye nguo. "Jina la baba yangu," alisema, "halikuwahi kuingia kwenye kitabu cha wezi. Mwanao ameliingiza. Sasa unataka mimi nikaliombe lisomwe?"

"Hakuiba."

"Kafungwa."

"Kafungwa na hakuiba. Gaspari alisema sikio la kushoto, wewe mwenyewe uliambiwa."

"Niliambiwa na wewe." Akaweka ungo chini. "Theodora, tangu umekuja kwetu unatembea kama umeolewa na mkuu wa mkoa. Ulimwuliza katibu habari za shati lake, tukacheka wote. Leo umekwama, ndiyo unamkumbuka wifi. Nenda kalitaje mwenyewe. Kondoo ninamngoja."

"Utampata."

"Awe mnono."

Theodora hakulala kwa raha, lakini asubuhi alijifunga kitenge cha kanisani akaenda tarafani. Peniel alikuwa peke yake, anakuna muhuri kwa kijiti. Shikamoo ikapita, marahaba ikapita, utani haukuwapo. Theodora akaweka mikono yote miwili juu ya dawati.

"Mughwai Damiani," alisema.

Alikuwa ameishi na jina lile tangu alipoolewa, akapika chakula cha mwenye jina, akamzaa mwingine wa jina hilo, akamzika wa kwanza, na sasa alilisikia kwa sauti yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Lilikuwa kama sauti ya mtu mwingine. Peniel hakuinua hata kichwa. Alifungua rejista, akashuka na kidole, akasimama karibu na katikati ya ukurasa.

"Huyu hapa. Shauri la jinai namba themanini na sita. Mughwai mwana wa Damiani, wizi wa mifugo, miaka mitano. Mbona siku zote hizo hukusema, mama?"

Theodora alimwomba maji ya kunywa.

Peniel alikuwa mtu mwema. Alimwelekeza aandike barua kwa hakimu, ya kuomba nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri namba themanini na sita la mwaka ule, ataje jina la mshtakiwa na yeye ni nani wake. Theodora alikuwa amesoma mpaka darasa la nne kwa masista, mwandiko wake ulikuwa umesimama vizuri. Alipofika kwenye jina mkono ulisita, ukaandika. Karatasi alikuwa ametakiwa aje nazo mwenyewe. Mahakama haikuwa nazo, na mpiga taipu wa mahakama alikuwa ameacha kazi amefungua kibanda chake cha kupiga taipu na kuuza bahasha, hatua chache kutoka pale, akitumia taipureta ambayo watu walisema wanaifahamu.

"Biashara imefunguliwa, mama," alisema Peniel. "Hata karatasi ya haki sasa unainunua dukani."

Kisha akasoma safu ya mwisho ya rejista, na uso wake ukapoa. "Jalada halipo hapa."

"Umesema yumo."

"Kwenye rejista yumo. Jalada ni kitu kingine. Rejista inasema kesi ilikuwapo, jalada ndilo lenye maneno. Kifungo hiki ni kikubwa kuliko hakimu wetu anavyoruhusiwa peke yake, lazima wakubwa wilayani wakithibitishe. Limepelekwa huko tangu wiki ile ile." Akaitazama kalenda ya ukutani, akahesabu bila kutoa sauti. "Na mama, zile siku thelathini zimepita."

"Zimepita lini?"

"Wiki iliyopita."

Theodora alikaa kwenye benchi, lile lile. Peniel akamweleza kwamba bado kuna njia, anaweza kuomba mahakama ya wilaya imwongezee muda, aeleze kwa kiapo kilichomchelewesha. Lakini maombi bila nakala hayasimami, na nakala haitoki bila jalada.

"Na kwenye kiapo nitasema nini kilinichelewesha?"

"Kilichokuchelewesha kweli."

"Niseme nilikuwa naheshimu mkwe wangu?"

Peniel alifikiri. "Sijawahi kuliona kwenye kiapo," alisema.

Kondoo alipelekwa kwa Febronia jioni ile ile. Theodora alimvuta mwenyewe kwa kamba, akasimama nje mpaka alipokaribishwa.

"Umelitaja," alisema Febronia.

"Nimelitaja."

"Na karatasi umepata?"

"Sikupata."

Febronia alimshika kondoo mgongoni akapima mafuta kwa vidole. "Basi umelitaja bure," alisema, na haikuwa kejeli. Akamwita ndani, wakala pamoja, wala hawakuzungumza habari hiyo tena.

Mjini sasa alikuwa na namba. Aliitoa kwa bwana wa masjala ya wilayani, mtu mzima aitwaye Urbano, ambaye kofia yake haikuvuliwa wakati wowote. Urbano alitafuta kwenye kitabu cha majalada yanayoingia akaliona limeingia. Akatafuta kwenye kitabu cha yanayotoka akakuta ukurasa umelowa na wino umekuwa wingu.

"Lilirudi kwenu," alisema.

"Kwetu wanasema halijarudi."

"Ya kuthibitisha adhabu yote yalirudi."

"Adhabu ilithibitishwa?"

"Kama mwanao yuko ndani, ilithibitishwa."

"Kwa hiyo kuna mtu alilisoma."

Urbano akafunga vitabu vyote viwili. Tarafani, Peniel aliapa halijafika. Akaandika barua ya kulifuatilia, akaigonga muhuri, akampa Theodora aipeleke kwa mkono wake maana posta ingechelewa. Urbano akaandika ya kujibu, akampa aipeleke. Theodora akawa ndiye posta. Mara ya tatu au ya nne, Urbano alichoka kumwona amekaa kizingitini, akamfungulia mlango wa chumba cha nyuma.

"Kama una macho, mama, tafuta."

Kilikuwa chumba cha dirisha moja. Majalada yalikuwa yamefungwa mafungu kwa kamba za katani, yamepangwa mpaka kiunoni, na chini kabisa, palipogusa sakafu, mchwa walikuwa wameanza kujenga. Theodora alivua viatu akaketi. Akafungua fungu, akasoma jalada moja moja, jina na namba, akafunga, akafungua jingine. Hakuwa na haraka. Alisoma majina ya watoto wa watu. Alimwona kijana wa jirani yake aliyefungwa kwa kuiba baiskeli ya mwalimu. Akamwona mzee aliyeshtakiwa kwa kutolima ekari za mihogo, ambaye alikwisha kufa na mihogo yenyewe ikasahaulika. Akamwona mwanamke aliyepika gongo miaka ile ya njaa, Theresia, na alimkumbuka, alikuwa anaimba vizuri kanisani. Wote walikuwapo, hakuna aliyekuja kuwaomba. Fungu jingine alipolivuta, upande wa chini ulibaki sakafuni ukiwa udongo mtupu, na majina ya juu yalikuwa ya mwaka ule ule wa tisini na tatu.

Alikusanya udongo ule kwa viganja akautazama. Ulikuwa udongo tu.

"Umeliona?" aliuliza Urbano mlangoni.

"Sijui," alisema Theodora.

Aliendelea kuja. Peniel alihamishwa, akaletwa karani mwingine ambaye hakutaniwa na mtu, na ambaye alitaka aelezwe upya kuanzia mwanzo. Hakimu naye alihamishwa. Gaspari aliuza mifugo yake yote akafungua duka la mitumba, na walipokutana njiani alimwambia Theodora kwamba kwa kweli siku hizi hana hakika na ng'ombe yule, ila mambo yamekwisha pita, mama, tusameheane. Theodora alimwomba aende akaseme hayo kwa hakimu. Gaspari akasema ana mzigo wa nguo unaomngoja stendi.

Mwaka wa pili Fredrick alihamishiwa gereza la mbali, la kilimo, nje ya mkoa. Padri wa huko hakumfahamu Theodora. Barua moja ilikuja, imeandikwa na mtu mwingine kwa niaba yake, ikisema kifua kinamsumbua lakini amepewa kazi nyepesi ya kuchagua mbegu, na mama asijichoshe, miaka itakwisha yenyewe. Theodora aliisoma mara moja akaiweka ndani ya kitabu cha sala. Mambo ya kifua gerezani kila mtu aliyajua.

Theodora alipoanza kuvimba miguu, Anastasia alikuja kutoka Mitundu alikokuwa ameolewa, na mtoto mgongoni. Alimkuta mama yake kitandani, mavazi yake ya safari yametundikwa ukutani kama ya mtu anayetoka kesho. Alimkanda miguu kwa maji ya moto na chumvi, akampikia uji wa uwele, akangoja mpaka amemaliza.

"Mama, tuyaache sasa," alisema. "Miaka imebaki michache. Kaka atatoka."

"Akitoka ataitwaje?"

"Ataitwa kaka."

"Nyumbani. Njiani ataitwa mwizi, na wale watoto walioko kwa akina Jesca wataitwa watoto wa mwizi, na wewe, mtu akitaka kukutukana kule Mitundu, kazi amerahisishiwa." Theodora alijiinua akaegemea ukuta. "Wewe ni damu yao. Hakuna jina usiloweza kulitaja. Sikiliza basi, maana mimi mambo haya nilijifunza kwa kukosea. Anzia tarafani, siyo mjini. Usiseme Fredrick. Sema jina la babu yako kwanza, halafu namba, halafu mwaka. Omba hukumu na mwenendo, wakikupa hukumu peke yake usiondoke, sikio lipo kwenye mwenendo. Wakisema jalada lipo mjini, waambie waandike hivyo na wagonge muhuri. Mjini wakisema lipo tarafani, nao waandike. Chumba cha nyuma nilifika mpaka mafungu ya dirishani. Ya ukuta wa mlangoni sikuyamaliza."

"Na kama lililiwa na mchwa?"

"Wakuandikie kwamba lililiwa na mchwa."

Anastasia alimhamisha mtoto kutoka mgongoni akamweka mapajani. "Na kaka akitoka kabla sijalipata?"

"Utaendelea kuliomba."

"Na akifia huko?"

Theodora alinyoosha mkono akamvuta mtoto kofia ikae vizuri masikioni.

"Utaendelea kuliomba," alisema. "Jumatatu ndiyo siku karani anakuwapo. Basi linapita mapema, ukalale kwa Febronia, yeye yuko karibu na barabara. Mwambie nimekutuma."